Kimya cha Parokia na Mshindo Wake: Namna ya Kuisoma Selborne

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii hutajwa aghalabu pale mtu mpole anapozua jambo ambalo halikutarajiwa. Hata hivyo, inafaa vilevile kuwa kipimo cha maandishi yanayosifu utulivu wa mashambani. Fasihi ya Uingereza ina hazina kubwa ya maandishi ya namna hiyo: kanisa la mawe, ua wa makaburi, kijito, mbuga za kondoo na mlio wa ndege jioni. Miongoni mwa parokia zilizopata sifa hiyo, Selborne imetukuka. Kijiji hiki kiko katika pembe ya mashariki ya jimbo la Hampshire, takriban maili 50 kusini-magharibi mwa London, baina ya miji midogo ya Alton na Petersfield.

Umaarufu wa Selborne umetokana na kitabu kimoja, The Natural History and Antiquities of Selborne, kilichotolewa mwaka wa 1789 na Gilbert White, kasisi msaidizi aliyezaliwa kijijini humo tarehe 18 Julai 1720 na kufia humo tarehe 26 Juni 1793. Kitabu hicho kimechapishwa zaidi ya mara 200. Kwa vizazi vingi, wasomaji wamekifungua ili kutafuta mapumziko: mahali pasipo na kelele, pasipo na fujo, pasipo na historia.

Makala haya yanadai kwamba usomaji wa aina hiyo unakidhulumu kitabu na unawadhulumu watu wa parokia yenyewe. Utulivu wa Selborne ulikuwapo, lakini haukushuka kutoka mbinguni. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na walioviunda wana haki ya kutajwa. Aidha, makala yanadai kwamba msomaji wa Kiswahili, ambaye hakulelewa katika desturi ya kuyaabudu mandhari hayo, ana nafasi njema ya kukisoma kitabu hiki kwa uadilifu.

Kwa nini Selborne, na kwa nini kwa Kiswahili?

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana haja gani na kijiji cha Kiingereza? Swali hili si geni. Oktoba 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka uliodai kufutwa kwa Idara ya Kiingereza na kuwekwa Afrika mahali pa katikati katika masomo ya fasihi. Hoja yao ilikuwa ya haki. Mwanafunzi wa enzi ya ukoloni alifunzwa kuyastaajabia mandhari asiyoyajua, ilhali yale yaliyomzunguka hayakuhesabiwa kuwa yanastahili kalamu.

Hata hivyo, waraka ule haukusema kwamba Uingereza isisomwe kabisa. Ulisema isiwe kitovu. Tofauti hiyo ni muhimu. Kwa muda mrefu, wasafiri, wamisionari na maafisa wa Kizungu waliviandika vijiji vya Afrika kwa lugha zao, wakavipima kwa vipimo vyao na kuvipa majina waliyoyataka. Lugha ya Kiswahili itakapokuwa na uwezo wa kukieleza kijiji cha Hampshire kwa ukamilifu, bila kukitukuza na bila kukibeza, itakuwa imeonyesha kwamba nayo ni lugha ya kuutazama ulimwengu, wala si lugha ya kutazamwa tu. Kazi hiyo huanzia kwenye neno lenyewe.

Neno parokia

Msomaji wa Kiswahili anaposikia neno parokia, mawazo yake huenda moja kwa moja kanisani: padri, misa, kwaya, jumuiya. Maana hiyo ni sahihi, lakini kwa Uingereza ya Gilbert White ni nusu ya maana. Parokia ya Kiingereza ilikuwa pia serikali. Sheria ya Maskini ya mwaka wa 1601 iliipa kila parokia jukumu la kuwatunza maskini wake, ikaamuru wateuliwe wasimamizi wa kukusanya kodi kutoka kwa wenye mali na kuwagawia wasiojiweza. Sheria ya Makazi ya mwaka wa 1662 ikaongeza kwamba mgeni anayeelekea kuwa mzigo angeweza kurudishwa kwenye parokia yake ya asili. Kwa hivyo mpaka wa parokia haukuwa mstari wa ibada tu. Ulikuwa mstari wa chakula. Aliyezaliwa upande huu wa kijito alikuwa na wa kumlisha atakapoanguka. Aliyezaliwa upande wa pili aliambiwa arudi kwao.

Hapa pana funzo kwa wafasiri. Kulitafsiri neno hilo kwa "parokia" pekee, bila maelezo, ni kuuficha mkono wa serikali nyuma ya joho la kasisi. Uganda wanaielewa hali hii kwa wepesi zaidi, maana huko parokia ni ngazi ya utawala iliyo kati ya kata ndogo na kijiji, na mwaka wa 2022 serikali ya nchi hiyo ilizindua mpango wa maendeleo unaojengwa juu ya ngazi hiyohiyo. Uingereza nayo iliyatenganisha mambo ya kanisa na ya utawala kwa sheria ya mwaka wa 1894, ikaunda mabaraza ya parokia yasiyo ya kidini. Mabaraza hayo yapo hadi leo. Basi anayesoma habari za Selborne na asikumbuke kwamba parokia ilikuwa kanisa, mahakama ndogo na ghala ya maskini kwa pamoja, atasoma shairi mahali palipoandikwa hesabu.

Ardhi yenyewe

Kabla ya kuwafikia watu, sharti ardhi itazamwe, kwa kuwa White mwenyewe alianza hapo. Upande wa kusini-magharibi wa kijiji pana mlima wa mawe ya chaki unaoinuka kama futi 300 juu ya nyumba. Ubavu wake umefunikwa na msitu uitwao Hanger, wenye miti mirefu ya magome laini ya kijivu na majani yanayong'aa, ambayo White aliihesabu kuwa ya kupendeza kuliko miti yote ya msituni. Mwaka wa 1753 yeye na ndugu yake John walichimba njia ya kupanda mlima huo kwa kwenda mshazari huku na huko. Njia hiyo, iitwayo Zigzag, ingali inapandwa na wageni.

Chini ya mlima, udongo hubadilika kwa hatua chache. Upande mmoja ni mfinyanzi mzito unaochosha farasi. Upande wa pili ni udongo mweusi wenye rutuba unaofaa ngano na hopsi, yaani mmea ambao maua yake hutiwa katika bia. Mbele zaidi ni mchanga mtupu wa msitu wa Wolmer, ambao licha ya kuitwa msitu haukuwa na mti uliosimama katika siku za White. Vijito viwili huzaliwa katika eneo hilo. Kimoja huelekea kusini na kuishia katika mlangobahari ulio baina ya Uingereza na Ufaransa. Cha pili huelekea kaskazini, huingia mto Wey, kisha Thames, na mwisho Bahari ya Kaskazini. Kijiji kidogo kinayagawa maji ya bahari mbili.

Lililo la ajabu zaidi ni njia. Barabara mbili za kale, moja ya kwenda Alton na nyingine ya kwenda msituni, zilikuwa zimeliwa na magurudumu na maji ya mvua kwa karne nyingi hata zikazama, mahali pengine, futi 16 au 18 chini ya mashamba ya kando. Mizizi ilining'inia juu ya vichwa vya wapita njia, na wakati wa baridi barafu ilijipanga kutani kama mapambo. White alieleza jinsi wanawake wa kiungwana na wapanda farasi waoga walivyotishika wakipita humo. Msomaji anayetafuta uzuri ataona mandhari ya kusisimua. Msomaji makini atauliza swali jingine: ni mikokoteni mingapi, miguu mingapi na karne ngapi za kubeba mizigo zilizohitajika ili mwamba uliwe kwa kina cha nyumba ya ghorofa? Njia zile ni kumbukumbu ya kazi. Hakuna aliyeandika majina ya walioifanya, lakini ardhi imetunza alama zao.

Jicho la kasisi

Haifai kumlaumu White kabla ya kumpa haki yake, nayo ni kubwa. Kitabu chake kimejengwa kwa barua 110 alizowaelekezea wasomi wawili, Thomas Pennant na Daines Barrington. Baadhi ya barua hizo, zikiwemo tisa za kwanza, hazikutumwa kamwe. Ziliandikwa ili kukikamilisha kitabu. Hata hivyo, umbo la barua lilimfaa, kwa kuwa lilimruhusu kusema alichokiona leo na kukisahihisha kesho.

Mbinu yake ilikuwa nyepesi kuitaja na ngumu kuifuata: kukaa mahali pamoja na kutazama kwa miaka mingi. Wasomi wa enzi yake walizoea kuvichunguza viumbe vilivyokufa, vikiwa vimejazwa pamba makabatini. White aliwasikiliza walio hai. Kwa njia hiyo aliwatenganisha ndege wadogo watatu wa majani ambao kwa macho ni kama pacha, lakini kila mmoja ana wimbo wake. Alimtambulisha kwa wasomi panya mdogo wa mashamba ya ngano, ambaye wawili wake wakiwekwa kwenye mizani hulingana na sarafu moja ya nusu peni. Alihesabu jozi za teleka, ndege mwenye mbawa mfano wa mundu, akaona kwamba kila mwaka zilirejea jozi nane. Alimrithi kobe kutoka kwa shangazi yake mwaka wa 1780, akamwita Timothy, akaandika siku alizojifukia na siku alizofukuka. Gamba la kobe huyo limehifadhiwa katika makumbusho ya viumbe ya London. Ulipofanywa uchunguzi baada ya kifo, iligunduliwa kwamba Timothy alikuwa jike.

Zaidi ya yote, alimtetea nyungunyungu. Katika barua ya mwaka wa 1777 alieleza kwamba kiumbe huyo anayedharauliwa huutoboa udongo, huupitisha maji na hewa, huyavuta majani chini na kuirutubisha ardhi, na kwamba akitoweka pengo lake litakuwa kubwa. Miaka zaidi ya 100 baadaye, mwaka wa 1881, Charles Darwin, ambaye alikisoma kitabu cha White akiwa mtoto, alitoa kitabu kizima juu ya nyungunyungu na kuithibitisha hoja hiyo kwa vipimo.

Hilo ni funzo la kwanza ambalo mwandishi wa Kiswahili anapaswa kulichukua. White hakuandika "ndege" alipoweza kuandika ndege gani, wala "mti" alipoweza kuandika mti upi. Kiswahili kina mbayuwayu, teleka, korongo, chozi na tai. Kina mvule, mkoko, mtondoo na msandali. Pamoja na utajiri huo, insha nyingi huridhika na ndege waliolia na miti iliyotikiswa na upepo. Uvivu huo hauwezi kusingiziwa uchache wa msamiati.

Nuru ya robo ya peni

Tatizo huanza pale jicho hilohilo linapowageukia watu. White aliihesabu parokia yake. Kwa mujibu wa hesabu ya Oktoba 1783, Selborne ilikuwa na nyumba 136 na watu 676, yaani karibu watu watano kwa kila nyumba. Aliandika pia kwamba maskini walikuwa wengi, ila wengi wao walikuwa watu wa bidii na kiasi, wakiishi katika vibanda vizuri vya mawe au matofali. Wanaume walilima, walikata miti na kuibambua magome. Wanawake walipalilia nafaka wakati wa machipuo na kuchuma hopsi Septemba. Zamani walisokota sufu wakati wa baridi, kazi iliyokwisha kufifia alipoandika.

Katika barua nyingine, White alieleza kwa undani namna maskini walivyotengeneza taa. Nyasi za kinamasi zilikatwa, zikalowekwa, zikamenywa na kuachiwa utepe mmoja wa ganda, zikaanikwa, kisha zikachovywa katika mafuta ya nyama. Alizipima. Unyasi mmoja wa zaidi kidogo ya futi mbili uliwaka kwa dakika 57. Ratili moja ya nyasi kavu ilikuwa na nyasi zaidi ya 1,600. Akapiga hesabu na kuhitimisha kwamba familia maskini ingeweza kupata nuru ya saa tano na nusu kwa robo ya peni. Kisha akawasikitikia walio maskini kabisa, wanaonunua mshumaa wa nusu peni unaokwisha baada ya saa mbili, akaona kwamba hawajui kupanga matumizi yao.

Barua hiyo ni miongoni mwa kurasa bora za kitabu, na ndiyo inayoufichua mpaka wake. Hesabu ni sahihi. Hukumu ndiyo yenye kasoro. Ili kutengeneza taa za nyasi, familia inahitaji mafuta ratili sita kwa kila ratili ya nyasi. Mafuta hayo hupatikana kwa anayekaanga nyama au kufuga nguruwe. Asiye na nguruwe hana mafuta, na asiye na mafuta hununua mshumaa, si kwa ujinga bali kwa kuwa hana njia nyingine. Umaskini huuza rejareja kwa bei ghali. Kasisi aliyeweza kumsikiliza ndege hata akamtambua kwa wimbo hakumsikiliza vya kutosha jirani anayenunua mshumaa. Ndani ya barua 110, maskini wanaonekana wakifanya kazi, wakizaliwa na kufa, lakini ni nadra wapate nafasi ya kusema.

Mshindo

Si kwamba hawakusema. Walisema, na mahali pengine kitabu chenyewe kinashuhudia bila kukusudia. White alisimulia kwamba zamani vijana wa eneo lile walihesabu wizi wa paa wa mfalme kuwa ndiyo alama ya uanaume. Hakuna budi kuongeza kwamba mwaka wa 1723 Bunge lilipitisha sheria iliyojulikana kama Black Act, ikaweka hukumu ya kifo kwa makosa zaidi ya 50, mengi yakihusu wawindaji waliopaka nyuso masizi. Kilichoitwa uhuni wa vijana kilikuwa pia ugomvi juu ya nyama, kuni na malisho: msitu ni wa nani?

Ugomvi huo ulijitokeza tena mwaka wa 1784 katika msitu jirani wa Alice Holt. Miti mikubwa ilikatwa, na bwana aliyekuwa na haki ya msitu akadai matawi pia. Maskini wa parokia za pembeni walishikilia kwamba matawi yalikuwa yao kwa desturi, wakakusanyika na kuyachukua yote. White anaeleza kwamba watu 45 walishtakiwa. Analitaja tukio hilo kwa aya chache, kisha anaendelea na safari yake.

Mshindo mkuu ulikuja miaka 37 baada ya kifo chake. Mwaka wa 1830 vibarua wa mashamba kusini mwa Uingereza waliinuka dhidi ya ujira duni, mashine za kupura nafaka na zaka nzito. Tarehe 22 Novemba 1830, umati wa watu wa Selborne ulimwendea kasisi wa parokia wa wakati huo na kumtaka apunguze zaka zake, kwa kuwa baadhi ya wakulima walisema hawawezi kuongeza ujira maadamu zaka ni kubwa. Kisha wakaishambulia nyumba ya maskini ya Selborne, mahali walipofungiwa wasiojiweza ili wafanye kazi kwa chakula, wakaibomoa na kuvichoma vilivyokuwamo. Kesho yake waliandamana hadi Headley na kuifanyia nyumba ya huko vivyo hivyo.

Serikali haikukawia. Desemba mwaka huohuo tume maalumu ya mahakama ilikaa Winchester. Katika nchi nzima watu 19 walinyongwa kwa sababu ya maasi yale, na zaidi ya 400 wakapelekwa uhamishoni Australia, baadhi yao wakitoka Selborne na Headley. Hao walikuwa wana na wajukuu wa wale watu 676 wa hesabu ya 1783. Walibatizwa katika kanisa lilelile la Mtakatifu Maria, wakapita katika njia zilezile zilizozama, wakasomea gizani au kwa nuru ya robo ya peni. Anayesema kwamba Selborne ni mahali ambapo hakuna kilichotokea anawafuta watu hawa kwa mara ya pili. Mara ya kwanza walifutwa na hakimu.

Parokia haijitoshelezi

Kuna jambo la pili ambalo hadithi ya utulivu hulificha. Parokia huonekana kama dunia iliyojitenga, lakini haikuwa hivyo hata siku moja. Mwaka wa 1783, tangu Juni 23 hadi Julai 20, White aliona ukungu wa ajabu ambao haukuwahi kuonekana. Jua la adhuhuri lilikuwa hafifu kama mwezi uliofichwa na mawingu, joto lilizidi na nyama iliharibika siku ya pili baada ya kuchinjwa. Watu walishikwa na hofu. Leo inajulikana kwamba ukungu huo ulitoka Laki, nyufa za volkano zilizolipuka Iceland Juni mwaka huo. Moshi wa nchi ya mbali ulikuwa umetanda juu ya mashamba ya hopsi.

Fumbo lililomsumbua White zaidi ni la mbayuwayu: huenda wapi wakati wa baridi? Ndugu yake John, aliyekuwa kasisi wa jeshi Gibraltar, alimwandikia kwamba aliwaona wakivuka mlangobahari kwenda Afrika na kurudi. White alikubali kwamba wengi huhama. Hata hivyo, hadi uzeeni hakuacha kushuku kwamba wengine hubaki wakilala usingizi wa baridi katika mapango au kingo za maji, akawa anatafuta mashimoni kuwahakikisha.

Jibu halikupatikana Hampshire. Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 ndege huyo alipatikana Natal, Afrika Kusini. Mnamo karne hii, vifaa vidogo walivyofungwa teleka wa Uingereza vimeonyesha kwamba huupitisha muda mwingi wa baridi ya kwao katika anga ya bonde la Kongo. Kwa hivyo maarifa yaliyokosekana katika parokia ya White yalikuwa machoni pa watu wa Afrika miaka yote hiyo. Hawakuulizwa. Mtoto wa Kongo aliyewaona teleka wakifuata mawingu ya mvua alikuwa na nusu ya jibu, kasisi wa Selborne alikuwa na nusu ya pili, na hapakuwa na barua kati yao.

Uhusiano huo haukuisha. Mwaka wa 2021 teleka aliingizwa katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza walio hatarini. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kuzibwa kwa matundu ya paa na kuta, alimozoea kujenga kiota, nyumba za zamani zinapokarabatiwa. Selborne sasa imo ndani ya hifadhi ya taifa ya South Downs, nyumba ya White ni makumbusho, na mlima wa Hanger hulindwa. Lakini mti mkongwe wa ua wa kanisa, ambao White aliupima ukiwa na mzingo wa futi 23, uliangushwa na dhoruba Januari 1990. Hata mahali palipohifadhiwa kwa heshima zote hapasimami pale palipoachwa.

Pingamizi na jibu lake

Watakuwapo watakaopinga. Watasema White alikuwa mwanaelimuviumbe, si mwanahistoria wa vibarua, na kwamba ni dhuluma kumdai asichokusudia. Pingamizi hili lina uzito, na kwa sehemu ni la kweli. Mwandishi hahukumiwi kwa kitabu ambacho hakukiandika. Lakini hoja ya makala haya haimlengi White. Inawalenga wasomaji waliomgeuza kuwa kitanda cha kulalia. White mwenyewe aliandika juu ya kuni zilizogombaniwa, taa za nyasi, ukungu wa kutisha na njia zilizoliwa na mikokoteni. Yote yamo kitabuni. Waliochagua kuyaruka ni waliotaka kijiji kisicho na njaa.

Wengine watasema kwamba kuleta siasa katika mandhari ni kuua uzuri. La hasha. Njia ya futi 18 haipungui uzuri kwa msomaji kujua kwamba imechimbwa na mizigo. Hupata maana. Uzuri unaohitaji ujinga ili uendelee kupendeza ni uzuri wa kutiliwa shaka.

Hitimisho

Selborne inampa mwanafunzi wa Kiswahili mambo mawili yasiyotenganishwa. La kwanza ni nidhamu ya macho: kukaa, kutazama, kupima, kuita kila kitu kwa jina lake na kukubali kusahihishwa. Bila nidhamu hiyo, maandishi juu ya kijiji chochote, kiwe Hampshire au kwingineko, yatabaki kuwa mapambo. La pili ni swali ambalo White hakuliuliza vya kutosha: katika picha hii, nani amenyamaza, na amenyamazishwa na nini?

Waandishi chipukizi wanaosifu kijiji kwa majogoo yake, umande wake na moshi wa jioni hawana budi kujiuliza swali hilohilo. Moshi huo unatoka jikoni kwa nani? Kuni zimeokotwa msitu gani, na kwa ruhusa ya nani? Nuru ya taa imelipiwa kiasi gani, na kwa nini asiye na kitu ndiye anayeilipia zaidi? Maswali haya hayahitaji mwandishi aache kuwapenda mbayuwayu. Yanamtaka awasikilize majirani kwa makini yaleyale anayowasikilizia ndege.

Kaburi la Gilbert White lina jiwe dogo lenye herufi mbili za jina lake na tarehe ya kufa. Unyenyekevu huo unastahili heshima. Lakini kando yake wamelala wengi wasio na herufi hata moja, na wengine mifupa yao iko Australia. Usomaji wa haki wa parokia ile ni ule unaowahesabu wote.